Mwalimu Wetu na Kichina cha Belyse

Kambini tulikuwa tukisema kwamba Mwalimu wetu anakohoa kwa Kiingereza. Hakuna aliyejua hasa maana yake, lakini ungemwona anavyotoa leso, anavyogeuza uso kando na kuomba radhi kwa lugha ya wageni kabla kikohozi chenyewe hakijatoka, na wewe ungecheka. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye tai moja ya bluu na sauti kubwa kuliko kifua chake. Nimemfahamu tangu nina miaka kumi na miwili, kule Kigoma kwenye kambi ya wakimbizi, na leo mimi ni mama wa watoto watatu huku Louisville, Marekani, nywele zimeanza kunigeuka. Miaka yote hiyo sijawahi kumwita kwa jina lake. Hata nikijaribu, mdomo utakataa.

Shule za kambini zilifuata mtaala wa Burundi, maana wakubwa walitaka tujiandae kurudi kwetu. Kwa hiyo bwana mkubwa darasani alikuwa Kifaransa. Mwalimu alikifundisha asubuhi kwa kuwa ndiyo kazi aliyopewa, na alikifundisha vizuri, ila uso wake ulikuwa wa mtu anayeosha vyombo vya jirani. Mchana, kabla hajatia kitu tumboni, alifungua darasa lake mwenyewe la Kiingereza ndani ya kanisa la turubai. Hakuna aliyemwagiza. Aliandika ubaoni kwa mkaa, na mvua ikipiga turubai alipaza sauti kuishinda mvua.

"Kifaransa kitawarudisha mlikotoka," alituambia. "Kiswahili kitawapeleka sokoni. Kiingereza ndicho kitakachowatoa hapa." Halafu alinyoosha kidole kuelekea lango la kambi, nasi wote tuligeuka kutazama lango, kana kwamba Kiingereza kimesimama pale na gari linaunguruma.

Nami nilitoka. Sijui kama ni Kiingereza kilichonitoa au ni zamu tu ya faili langu, lakini nilimpa Mwalimu sifa yote. Tulipokutana tena tulikuwa majirani hapa Louisville, mtaa wa Okolona, ghorofa ya chini yeye na mkewe, ghorofa ya juu mimi na mume wangu na Belyse, aliyekuwa na miaka sita. Wanaume na wanawake wote wa jengo letu tulifanya kazi kwenye maghala, kufunga maboksi na kuyapanga. Mwalimu alikwenda ghalani na tai yake, chini ya ile fulana ya kuakisi mwanga. Msimamizi alimwambia tai inaweza kunaswa na mashine. Akaiingiza ndani ya shati, akaendelea kuivaa.

Alikuwa na kalamu nyekundu iliyomletea matatizo. Matangazo yaliyobandikwa kwenye chumba cha kufulia aliyasahihisha. Barua za mwenye nyumba alizirudisha ofisini zikiwa na alama, moja ikiwa na maneno "jitahidi zaidi" pembeni. Kanisani, siku mchungaji alipojaribu kuomba kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni wetu Wamarekani, tulisikia kutoka benchi la pili sauti ikimrekebisha katikati ya maombi, kisha ikaitikia amina kwa heshima zote. Alikuwa na kidole chake cha shahada ambacho kiliinuka chenyewe kila mtu alipokosea. Ulikuwa ukizungumza naye unakitazama kidole, si uso.

Na bado huyo huyo, akikasirika, Kiingereza chote kilimkimbia. Mkewe alikuwa akimchokoza makusudi ili asikie Kirundi chake. Alisali kwa Kirundi, alihesabu kwa Kifaransa, alitania kwa Kiswahili, lakini watoto wa watu wakimwamkia "shikamoo" kwenye ngazi alijifanya hasikii mpaka waseme "good morning". Mume wangu alimuuliza siku moja kama Mungu naye anasahihishwa. Mwalimu alicheka mpaka akakohoa, kwa Kiingereza.

Sasa niseme kosa lake, maana mtu ukimsifu tu unakuwa umechora nusu.

Mwaka tuliofika, familia zote za kanisa letu zilipeleka watoto kuandikishwa shule, na karatasi zote zilipita mezani kwa Mwalimu. Nani mwingine? Miongoni mwa karatasi hizo kuna moja inayouliza mambo machache tu: mtoto alianza kuongea kwa lugha gani, nyumbani mnaongea lugha gani, mtoto anapenda kutumia lugha gani. Shule inaitumia kujua nani apewe mwalimu wa kumsaidia Kiingereza. Sisi hatukulijua hilo. Sisi ni watu wa kambi. Kambini karatasi haikuulizi ili ikufahamu, inakuuliza ili ikupitishe au ikuzuie, na mtu mwenye akili hutafuta jibu linalofungua lango. Mwalimu aliitazama ile karatasi, akaona mtihani. Akaandika Kiingereza. Pale kwenye nyumbani, Kiingereza. Mtoto anapenda, Kiingereza. Mwandiko wake mzuri ule, familia moja baada ya nyingine, nasi tukatia sahihi na kumshukuru kwa maharage na mikate.

Belyse akawekwa darasani bila msaada wowote, maana kwa mujibu wa karatasi mtoto alizaliwa na Kiingereza kinywani. Akanyamaza. Kwanza tulidhani ni ugeni. Nikimuuliza shule ikoje, alijibu "It's fine, Mama", maneno matatu aliyoyaokota kwenye basi la shule, na hayo ndiyo yaliyonidanganya. Kumbe darasani hakutamka hata moja. Miaka miwili. Walimpima masikio. Wakataka kumpima na akili. Nilikuwa nikisimama ghalani na machozi yananidondokea juu ya maboksi ya watu, nikijiuliza mtoto wangu nimemfanya nini.

Ndipo mwalimu mmoja wa kike aliponiita, akaniuliza kupitia mkalimani wa simu: mbona nyumbani kwenu mnaongea Kiingereza na wewe mama unahitaji mkalimani? Akaigeuza karatasi nione. Mwandiko niliutambua kabla sijasoma.

Jumapili ile kanisani palichafuka. Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu ambaye mwanawe naye alikuwa bubu wa shule, hakungoja ibada iishe.

"Mwalimu, donc ulitutendea nini? Mutoto yangu anakaa mu klasi sawa kiziwi, miye nikafikiri ni bulozi, bamemuloga! Nilifunga kula siku tatu juu ya bulozi, kumbe ni kalamu yako!"

"Nilitaka wasibaguliwe, Mama Furaha."

"Bon. Sasa wabaguliwe! Ubabagulishe kesho asubui!"

Watu wengine walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira naye ambayo sikujua niiweke wapi, maana mtu aliyekufundisha kusoma unaanzaje kumkaripia?

Kesho yake hakwenda ghalani. Alivaa tai nje ya shati, akaenda ofisi ya shule, akaomba kumwona mkubwa. Mimi nilikuwa naye, ndiyo maana najua. Alisema yeye ndiye aliyeandika uongo, wazazi hawakujua, akaomba apewe karatasi zote azirekebishe. Hawakumpa, walisema kila mzazi aje mwenyewe. Alisimama pale na kalamu mkononi, na kile Kiingereza chake kirefu cha kitabuni, ambacho yule katibu kijana alikisikiliza mdomo wazi. Alipotoka nje aliirudisha tai ndani ya shati. Tangu siku hiyo hakumjazia mtu karatasi tena. Alisema ni macho.

Mwaka huo huo mkewe akafariki, naye akahamia Columbus kwa binti yake. Wengine walisema amekimbia aibu. Nami nilisema hivyo, Mungu anisamehe. Kwa Belyse hakuwahi kuomba radhi, na hilo ndilo lililokuwa limenikaa rohoni.

Belyse alipata msaada wake. Akajifunza kusoma haraka, akawa anawasomea wadogo zake vitabu chumbani, mlango umefungwa. Lakini mbele ya watu mdomo ulikuwa umeshazoea kukaa kimya. Mpaka alipoingia darasa la sita, ambako kila mtoto huchagua somo moja la ziada, na yeye, bila kumuuliza mtu, akachagua Kichina.

Nilimpigia Mwalimu simu kumweleza. Alicheka hata nikasikia kitu kimeanguka upande wake. Lazima mjue kwamba kwetu kambini neno "mchina" lilikuwa jina la kitu kitakachokufa kabla ya Ijumaa. Tochi ni mchina, viatu ni mchina. Mwalimu mwenyewe aliwahi kununua redio akaitangaza kambi nzima, ikazungumza siku nne, ikazimika katikati ya habari za dunia. Hakuwahi kuwasamehe watu wale bilioni na ushee.

"Wamarekani wamechoka na Kiingereza chao?" aliniuliza. "Basi watupe sisi kilichobaki. Mama Belyse, mtoto hajamaliza ugali unampa biskuti?"

Nilimwacha amalize kicheko. Nilichokuwa nacho ni nilichokisikia mwenyewe jikoni: mtoto wangu akiongea kwa sauti. Akipanda na kushuka, akirudia, akijicheka, akirudia tena. Alinieleza kwamba mwalimu wao alishangaa anavyopata mapema kule kupanda na kushuka kwa sauti, nami sikushangaa, Kirundi nacho hupanda na kushuka. Kufikia Krismasi walimu wa masomo mengine walikuwa wakiniambia ameanza kunyoosha mkono. Nilijifungia chooni ghalani nikamshukuru Mungu kwa sauti, mwenzangu akagonga kuuliza kama niko salama.

Columbus nilimtembelea Mwalimu mara moja. Binti yake alikuwa akihudumia wazee wa Kizungu pale mtaa wa Clintonville, na Mwalimu alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha vipuri vya magari ambacho wenyewe ni Wachina. Nilimkuta amechanganyikiwa kuliko nilivyowahi kumwona.

"Bosi wangu," alisema, "Kiingereza chake ni maneno thelathini. Thelathini! Anasema 'you, go, this, quick', basi, imetosha. Na wale Wamarekani wenye Kiingereza chao cha kuzaliwa wanakwenda, wanachukua, wanafanya haraka. Wengine wanajifunza kumsalimia kwa lugha yake ili awapende."

"Na wewe?"

"Mimi nilimwandikia barua ya kumfundisha Kiingereza bure. Hajajibu."

Ilimuuma. Nilitaka kucheka, halafu nikaona kwamba si jambo la kucheka. Mtu huyu alikuwa ametumia maisha yake akituambia kuna lugha moja yenye ufunguo, na sasa kila asubuhi alikuwa akiingia mahali ambapo ufunguo uko mfukoni mwa mtu asiyeijua. Binti yake aliniambia jikoni, kwa sauti ya chini, kwamba humsikia bafuni akihesabu kwa Kichina, moja mpaka kumi, akikosea saba na kurudi mwanzo. Nilipomuuliza Mwalimu, alikana. Alisema binti yake ana masikio ya mama yake.

Baadaye mgongo ulimgomea, akaacha kazi, akahamia Buffalo kwa mwanawe.

Mwaka huu, Belyse akiwa na miaka kumi na mitatu, shule ilileta barua. Kulikuwa na utaratibu mpya: kila mtoto ambaye bado ameandikwa kuwa anajifunza Kiingereza atapewa saa moja zaidi ya Kiingereza kila siku, badala ya somo lake la ziada. Belyse alikuwa bado ameandikwa hivyo. Kusoma alifaulu, kuandika alifaulu, kusikiliza alifaulu. Kilichobaki ni kuongea, kwa sababu mtihani wa kuongea ni wewe na kompyuta na saa inayokimbia, na mbele ya hiyo alikuwa amerudi kuwa yule bubu wa miaka sita. Kwa hiyo saa ya Kichina ingekuwa saa ya kujifunza kuongea Kiingereza. Mshauri wa shule alinieleza kwa upole kwamba mzazi anaruhusiwa kukataa, akiandika na kutia sahihi kabla ya Jumatatu. Asipofanya hivyo, mtoto anahamishwa.

Belyse hakulia. Alinyamaza siku mbili, na hilo lilinitisha kuliko kilio.

Nanyi mnaweza kusema, si ukatae tu? Ni rahisi kwa aliyezaliwa huku. Mimi kila siku naona Kiingereza kinavyogawa watu ghalani, nani anakaa ofisini na nani anainama juu ya maboksi. Mimi ni nani hata nikatae saa ya Kiingereza ambayo serikali inampa mwanangu? Na nisipokataa nikamfunga mdomo mara ya pili, kwa sahihi yangu mwenyewe? Nilimpigia Mwalimu. Nilijua atakachosema.

"Bila Kiingereza hatuli," alisema. Halafu nikasikia akivuta kiti, akaketi. "Lakini harusi ya watu wetu huku Buffalo unakuja, siyo? Njoo naye huyo mtoto. Usitie sahihi yoyote kwanza."

Tulisafiri Ijumaa, Belyse nyuma na vidude vyake masikioni. Tulipopita Columbus nilimwonyesha barabara ya Clintonville, akasema "Okay". Jumamosi baada ya harusi tulikwenda kwa mwanawe, mtaa wa Riverside, kwenye nyumba ndogo ya mbao ambayo mto unaonekana mwisho wa mtaa. Mwalimu alikuwa uani anapalilia lengalenga, ule mchicha wa kwetu, ameshika jembe na mkono mwingine kiunoni. Alikuwa amezeeka. Tai haikuwepo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Belyse. Na huyu ndiye Mchina wenu?"

Belyse alitazama viatu vyake.

Tuliketi kwenye meza ya barazani. Nilimpa barua, akaisoma mara mbili, na mkono wake ukaenda mfuko wa shati kwa mazoea, ukatoa kalamu. Akaitazama ile kalamu, akaiweka mezani kati yetu. Kisha akamgeukia Belyse, akamuuliza kwa Kiingereza, taratibu, kwa nini anakitaka Kichina.

Nikaona mabega ya mtoto yanapanda, nikafungua mdomo nimjibie.

"Mama Belyse," alisema bila kunitazama, "hebu tumngoje."

Tulingoja. Gari lilipita, mbwa wa jirani akabweka akachoka. Nilikuwa nimekaa juu ya mikono yangu ili nisiingilie. Halafu Belyse akaanza, kwa Kiingereza, nami nayaandika hapa kama nilivyoyaelewa.

Alisema katika madarasa mengine alipofika aliwakuta wote wanajua tayari. Kwenye Kichina wote waliingia hawajui kitu, weupe, weusi, wote. "Ukikosea, kila mtu amekosea jana yake. Mwalimu wa Kichina anasema tena, tunaendelea. Pale ndipo niliuliza swali langu la kwanza shuleni. Nikaona hakuna aliyekufa. Ndiyo nikauliza na kwenye sayansi. Mkinitoa mkanipeleka chumba cha watu wasiojua kuongea, mimi nitakaa kimya tena. Najijua." Alisema na mengine, marefu, mikono ikitembea hewani, akiingiza kile kijineno "like" cha watoto wa huku kila baada ya maneno mawili, kijineno ambacho Mwalimu alikuwa akikichukia kuliko baridi.

Nilikitazama kidole chake. Kilikuwa kimelala juu ya meza, na hakikuinuka hata mara moja.

Alipomaliza, Mwalimu alivua miwani. Akazungumza kwa Kirundi kwanza, kisha akaona mtoto hafuati vizuri, akahamia Kiswahili.

"Mimi niliandika kwamba una Kiingereza wakati hukuwa nacho. Ukanyamaza miaka miwili kwa ajili ya kalamu yangu. Nilipaswa kukwambia hili ukiwa mdogo, nikaona haya. Nisamehe, mjukuu wangu."

Belyse alinitazama, akamtazama yeye. "It's okay, Babu," alisema. Halafu, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, ambacho huwa hakitumii kwa mtu: "Mimi nimeshasamehe."

Mzee alitoa leso, akageuza uso kando, akakohoa kwa muda.

"Mwalimu, sasa nifanye nini?" niliuliza.

"Unaniuliza mimi? Alikuwa anasema muda wote huu. Wewe ulikuwa wapi?" Akaisukuma kalamu upande wangu.

Sikuwa nimewahi kujaza karatasi ya shule peke yangu. Nilitia alama mahali palipoandikwa kwamba mzazi amekataa. Chini waliacha mstari wa sababu. Nilifikiri sana, nikaandika kwa Kiingereza changu mwenyewe, herufi moja moja, kwamba mwanangu huongea mule kwenye Kichina. Mwalimu alikuwa akisoma kutoka upande wa pili wa meza, karatasi ikiwa kichwa chini kwake.

"Ni sahihi?" nilimuuliza.

"Inaeleweka," alisema.

Nikatia sahihi. Na kwa mara ya kwanza tangu barua ile ifike, nikasikia njaa.